Sapatu za Mama Mkwe: Anza na Soli

Mdogo wangu wa Isevya, swali lako nimelipata. Unataka kumfumia mama mkwe sapatu za sufu kwa sababu miguu yake haipati joto alfajiri, na sakafu yake ni ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu ikasuguliwa mpaka inang'aa. Wanaosema Tabora hakuna baridi hawajalala hapa Juni na Julai. Tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa miezi hiyo joto hushuka hadi nyuzi 15. Mzee wa miaka sabini anaihisi baridi hiyo mpaka kwenye mifupa.

Ila nakuomba, kabla ya kugusa sindano, fikiria soli. Sufu juu ya saruji iliyong'arishwa inateleza vibaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka huua watu 684,000 kwa mwaka, na walio hatarini zaidi ni wenye umri wa kupita miaka 60. Mama akivunjika nyonga, zawadi yako itakuwa imemponza. Kwa hiyo usimkabidhi sapatu ambazo soli yake haijakamilika, hata kama anazisubiri kwa hamu.

Tuje kwenye uzi, maana sapatu hizi hufumwa kisha husinyazwa kwa maji moto mpaka uzi ushikane. Nyuzi za rangirangi zinazouzwa sokoni kwa kufumia vitambaa vya makochi nyingi ni za akriliki. Zifume, zichemshe, zisugue mchana kutwa: hazitashikana. Pamba ya Igunga na Nzega nayo ni hivyo hivyo. Inayoshikana ni sufu ya kondoo, kwa sababu kila unyoya wake una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji moto na sabuni huyainua, msuguano huyanasisha, na yakishanasana hayaachani tena. Kondoo wetu wa kienyeji wana nywele fupi, hawatoi sufu ya kusokota. Hata zamani, sufu iliyopita njia ya misafara kutoka Bagamoyo kuja Unyanyembe ilikuwa joho, kitambaa kizito walichopewa watemi kama hongo au zawadi, ilhali mizigo mingi ilikuwa merikani, kaniki na shanga. Na joho lenyewe hutengenezwa kwa njia hii hii: sufu inafumwa, inaloweshwa, inapondwa mpaka nyuzi hazitofautishiki.

Wewe nenda kwenye mitumba. Tafuta sweta zito ambalo lebo yake inasema Wool, Laine, Wolle au Lana, asilimia 100. Likiandikwa kuwa linafulika kwa mashine bila shida, liache, maana sufu ya namna hiyo imeshaondolewa uwezo wa kushikana. Lebo imekatwa? Omba uzi mmoja uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuganda ikawa kishanga kigumu. Ukilipata la kweli, lifumue, uzi uzungushie mgongo wa kiti, ulowanishe na uuache ukauke ili mikunjo iondoke.

Kufuma kwenyewe hakuna ugumu kwa anayejua kufuma soksi. Chukua nyuzi mbili kwa pamoja, fuma kwa kulegeza, na usitumie spoki za baiskeli safari hii kwa kuwa ni nyembamba mno. Mwombe seremala akuchongee sindano za mti, unene wa kidole kidogo cha mtoto. Sapatu itoke kubwa kupita kiasi, maana ukiisinyaza itapungua karibu theluthi, na urefu utapungua zaidi kuliko upana. Fuma kwanza kipande cha mraba, kipime kwa rula, kisinyaze, kipime tena. Kila sweta lina tabia yake, na kipande hicho ndicho kitakachokupa vipimo.

Kusinyaza kunataka mikono na subira. Beseni la maji moto unayoweza kuyavumilia, sabuni ya mche iliyokwanguliwa, halafu sugua sapatu. Zikianza kushikana, zikunje ndani ya mkeka, viringisha mbele na nyuma kwa nguvu, zichovye maji baridi, rudia maji moto. Zitazame mara kwa mara, kwa sababu zikishapita kipimo hazirudi. Zikitosha, suuza, jaza magazeti ndani, anika kivulini.

Sasa soli. Nenda kwa fundi pancha umwombe tyubu chakavu ya lori au pikipiki. Tairi lenyewe waachie mafundi wa katambuga. Ni gumu na zito, na mzee anayeburuta miguu atajikwaa. Osha tyubu mpaka ule unga mweupe wa ndani uishe, uipitishe msasa. Kata vipande viwili kwa kila mguu, kimoja cha kisigino na kimoja cha chini ya vidole. Katikati acha sufu tupu ili sapatu ikunjike mguu unapokunjika. Kata kona kwa mviringo, kona kali hunasa na kubanduka. Toboa matundu pembezoni, nusu sentimita kutoka ukingoni, kisha shona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta ya nyuki. Nta Tabora haikosekani. Muulize yeyote anayekamua asali ya Sikonge. Vuta uzi juu ya bonge la nta mara kadhaa mpaka unate vidoleni: hautalegea wala kuingiza maji haraka. Sindano isipenye hadi ndani. Ishie katikati ya unene wa sufu, hasa kama mama ana kisukari, kwa sababu fundo dogo linaweza kumtoboa unyayo bila yeye kuhisi.

Tyubu usipoipata, silikoni ya mafundi wa vigae inafaa. Weka vitone vidogo vidogo soli nzima, vibonyeze kidogo, subiri siku nzima vikauke. Havidumu kama raba, lakini vinashika vizuri.

Kabla ya kumpelekea, zivae wewe mwenyewe kwenye sakafu yake ile ile. Jaribu kusukuma mguu mbele. Ukiteleza hata kidogo, ongeza raba. Mwambie pia asiingie nazo bafuni, maana raba kwenye maji ya sabuni haina msaada, na anayesugua sakafu asipake nta ya kung'arisha kwenye njia ya kutoka kitandani kwenda chooni. Zikichafuka, zifuliwe kwa maji baridi bila kusuguliwa. Na kila mwezi, unapokwenda kumsalimia, zigeuze uangalie nyuzi za soli; ukikatika hata mmoja, zichukue ukazishone upya.