Lugha ya Mhojiwa katika Mafunzo ya Nyanjani ya Wanafunzi wa Ustawi wa Jamii

Makala haya yanashughulikia suala ambalo aghalabu hupuuzwa mafunzo ya nyanjani ya wanafunzi wa ustawi wa jamii yanapojadiliwa, nalo ni lugha. Kwa mafunzo ya nyanjani tunamaanisha kile kipindi ambapo mwanagenzi hupelekwa katika ofisi ya watoto, hospitali au makao ya watoto, akafanya kazi chini ya msimamizi wa pale huku mhadhiri wake akimtathmini. Taaluma hii imeyathamini mafunzo hayo kwa muda mrefu. Mary Richmond alitoa wito wa kuanzishwa kwa shule ya kuwafunza wahudumu wa misaada nchini Marekani mwaka 1897, na mwaka uliofuata kozi ya kwanza ikaanza New York. Mnamo 2008 baraza linaloidhinisha mitaala ya taaluma hii huko Marekani liliyatambua mafunzo ya nyanjani kuwa njia yake bainifu ya ufundishaji.

Hali ya Kenya ina utata wake. Mwanagenzi hufundishwa kwa Kiingereza, huhoji kwa Kiswahili, kwa lugha ya mama au kwa Sheng, kisha huandika ripoti kwa Kiingereza. Ripoti hiyo yaweza kufika mahakamani na kuamua mtoto atalala wapi. Kwa hivyo kosa la tafsiri hapa si sawa na kosa la mtihani.

Tuchukue kauli ambayo imejitokeza mara nyingi katika hukumu za mahakama zetu: "Alinifanyia tabia mbaya." Kwa kijuujuu, kauli hii yahusu utovu wa adabu. Hata hivyo, mtoto wa Kenya anapoitamka mbele ya mtu mzima, mara nyingi huwa anataja unajisi, ambao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Mtoto amefunzwa nyumbani kwamba viungo fulani havitajwi. Tasfida ndiyo lugha pekee ya heshima aliyo nayo. Mwanagenzi akitafsiri neno kwa neno, faili itasoma kwamba mtoto alikosana na jirani, na huenda asipelekwe hospitalini kwa wakati. Kwa upande mwingine, akikimbilia kuandika "alinajisiwa", atakuwa amemtilia mtoto maneno kinywani, na wakili wa mshtakiwa atauliza yalitoka wapi. Njia iliyo salama ni kuyanukuu maneno ya mtoto kama alivyoyasema, kisha kumwuliza swali wazi lisilomwelekeza, kama vile "Tabia mbaya ni kufanya nini?", na kuliandika jibu lake pia. Tasfida nyingine, kama "kuchezewa" na "kuharibiwa", zadai uangalifu uo huo.

Istilahi za ukoo nazo zina mitego. Katika Kiswahili cha pwani, bibi ni mama mzaa baba au mzaa mama. Katika mazungumzo ya kila siku ya bara, bibi ni mke, na mama mzaa baba huitwa nyanya. Mtoto akisema, "Naishi na bibi ya baba," mwanagenzi wa Mombasa aliyepelekwa Kakamega anaweza kuandika kwamba mtoto yuko kwa nyanyake ilhali yuko kwa mama wa kambo. Tukumbuke pia kuwa watoto wengi humwita "mama" yeyote anayewalea. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, inatambua malezi ya jamaa na pia kafaalah ya Waislamu. Mhudumu asiyeweza kubainisha mama mdogo na mama wa kambo hawezi kuitumia sheria hiyo ipasavyo.

Hata neno "mteja" ambalo vitabu vyetu hulitumia kumtaja anayehudumiwa lina matatizo. Mnunuzi dukani ni mteja. Mwenye simu isiyopatikana ni mteja. Na katika mitaa kadhaa ya pwani, teja ni mtumiaji wa dawa za kulevya. Nionavyo mimi, mbele ya mama aliyefiwa afadhali kusema "mama" kuliko kumvisha istilahi yoyote.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo sioni sababu ya idara za vyuo vikuu kudai kumbukumbu za mahojiano kwa Kiingereza pekee. Mwanagenzi na aruhusiwe kuandika mahojiano kwa lugha yaliyofanyiwa, amsomee mhojiwa alichoandika, amsahihishe pale anapokanusha, kisha tafsiri ifuate katika ukurasa wa pili. Kazi hiyo itaongeza muda wa kila kikao, na wasimamizi wenye mafaili mengi watalalamika. Ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoweza kuingia: idara zetu mbili ziko katika vyuo vivyo hivyo, na orodha ya tasfida za watoto kutoka kila kaunti ingekuwa mradi mzuri wa tasnifu.