Soketi za USB: umeme unaoliwa simu ikiwa haipo

Soketi za ukutani zenye matundu ya USB zimeshika nafasi yake katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo. Anayejenga nyumba ya kupangisha huzitaka kwa sababu mpangaji huzipenda. Mwenye gesti huzitaka kwa sababu mgeni husahau chaja nyumbani, kisha akaja kuisumbua mapokezi saa nne usiku. Na palipo na bidhaa mpya hapakosi maneno. Muuzaji humhakikishia mteja kwamba soketi hiyo haili umeme mpaka simu ichomekwe. Fundi naye humwonya mteja huyo huyo kwamba itamaliza LUKU usiku na mchana. Wote wawili wamekosea, na kwa mtu anayenunua soketi 40 kwa mpigo inafaa ajue ukweli uko wapi kabla hajatoa fedha.

Ndani ya soketi hiyo mna chaja kamili. Kazi yake ni kuupokea umeme wa volti 230 na kuushusha hadi volti 5 ambazo simu inazihitaji. Zile za aina ya C zenye nguvu zaidi hupandisha volti hizo pale simu inapoomba. Chaja ya kawaida mtu huichomoa akimaliza, lakini hii imefungwa ukutani na haichomoki. Zaidi ya hapo, katika soketi nyingi za muundo wa Kiingereza, ambao ndio unaotumika Tanzania, swichi iliyo usoni hukata umeme wa yale matundu makubwa ya pini tatu tu. Sehemu ya USB imeunganishwa moja kwa moja na waya wa moto, hivyo iko kazini saa 8,760 kwa mwaka, simu iwepo isiwepo.

Inakula nini wakati huo? Kwanza, saketi yake lazima ibaki macho ili iijue simu inapofika. Pili, kuna umeme mdogo unaopotea katika vifaa vyake na kugeuka joto. Tatu, kuna ile taa ndogo ya bluu ambayo wateja wengi huiona ni urembo. Taa inayotumia miliampea 5 kwa volti 5 ni wati 0.025. Ni kidogo sana, lakini katika soketi nzuri hiyo ni karibu robo ya matumizi yote ya kukaa bure.

Hapo ndipo tarakimu zinapoanza kusaidia. Chaja za zamani, zile nzito zenye transfoma ya chuma, zilikula wati moja hadi tatu bila kuchaji kitu, na ndiyo maana zilikuwa na joto kila ukizigusa. Mwaka 1998 mtafiti Alan Meier wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, alipendekeza kila kifaa kilicho katika hali ya kusubiri kisizidi wati 1, na mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Nishati likalichukua wazo hilo. Baadaye Umoja wa Ulaya ulikaza zaidi. Chaja ndogo iliruhusiwa wati 0.5 mwaka 2010, ikashushwa hadi 0.3 mwaka 2011, na tangu Aprili 2020 chaja ya kawaida isiyozidi wati 49 hairuhusiwi kupita wati 0.1 ikiwa haina mzigo. Sheria hiyo imeandikwa kwa chaja za kuchomeka, lakini mnunuzi wa soketi anaweza kuifanya rula yake: soketi ya wati 0.1 ni nzuri, ya 0.5 ni ya mashaka, na ya wati 1 ni teknolojia iliyopitwa.

Sasa zigeuzwe kuwa shilingi. Kwa bei za TANESCO zilizoanza Aprili 2016, mteja wa daraja la T1, ambalo lina nyumba nyingi na biashara ndogo, hulipa Sh 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, uniti inafika Sh 356. Soketi ya wati 0.1 hula uniti 0.876 kwa mwaka, yaani Sh 312. Ya wati 0.5 hula Sh 1,560 hivi, na ya wati 1 hula Sh 3,119. Kwa kulinganisha, simu yenye betri ya miliampea 5,000 inayochajiwa kila siku, pamoja na hasara za njiani, huchukua takriban uniti 9 kwa mwaka. Soketi mbovu basi inaweza kula bure umeme ule ule ambao simu yenyewe inautumia kufanya kazi.

Tena kuna king'amuzi. Ving'amuzi vingi vya zamani hula wati 10 hata televisheni ikiwa imezimwa. Kikiachwa hivyo mwaka mzima ni uniti 87.6, au zaidi ya Sh 31,000. Mwenye nyumba anayekosa usingizi kwa ajili ya soketi nne za USB huku king'amuzi kikiwaka sebuleni amekamata mwizi wa kuku na kumwacha wa ng'ombe.

Wapi mafundi wanapokosea? Wengi hupima ampea kwa mita ya kubana waya, kisha wakazidisha kwa volti 230. Wakipata miliampea 10 husema soketi inakula wati 2.3. Hesabu hiyo inafaa kwa pasi au balbu ya zamani. Ndani ya chaja kuna kapasita ya kuzuia kelele za umeme, ambayo huvuta mkondo na kuurudisha, na mkondo wa namna hiyo mita ya LUKU haiutozi mteja wa nyumbani. Soketi yenye miliampea 10 inaweza kuwa inakula sehemu ndogo tu ya zile wati 2.3. Hata vipimo vya bei nafuu vya kuchomeka ukutani huyumba vikishuka chini ya wati 1. Njia ya mtu asiye na kifaa ni mkono wake: soketi ambayo haijachaji kitu kwa saa kadhaa haitakiwi kuwa na uvuguvugu. Ikiwa nao, joto hilo limelipiwa.

Mita nayo ina mambo yake. Penye maandishi ya 1000 imp/kWh, taa yake hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti, kwa hiyo soketi ya wati 0.1 peke yake ingeipepesa mara moja kwa saa 10. Na huenda isiipepese kabisa, kwa sababu mita ya daraja la 1 yenye mkondo wa msingi wa ampea 5 hailazimiki kuanza kuhesabu mpaka mkondo ufike miliampea 20. Hiyo haimpi mtu nafuu ya kujivunia, maana friji au taa yoyote ikiwaka, mita imeshaamka na inahesabu kila kitu.

Mteja anayetakiwa kuwa makini kuliko wote ni wa D1, yule wa matumizi madogo. Uniti zake 75 za kwanza kwa mwezi ni Sh 100 kila moja, Sh 122 pamoja na tozo. Uniti inayofuata inaruka hadi Sh 350, sawa na Sh 427. Soketi nne za wati 0.5 hula uniti 1.46 kwa mwezi. Kwa nyumba inayotumia uniti 60 hizo ni Sh 178 tu. Kwa nyumba inayogusa 75 kila mwezi, uniti hizo hizo ndizo zinazosukumwa nje ya mstari, na gharama inakuwa Sh 623. Soketi haijabadilika wala matumizi yake. Kilichobadilika ni mahali uniti ya mwisho inapoangukia. Waliosoma uchumi watalitambua hilo kuwa ndilo somo la gharama ya nyongeza.

Je, inalipa kununua soketi bora kwa ajili ya umeme peke yake? Tofauti kati ya wati 0.5 na 0.1 ni Sh 1,250 kwa mwaka katika T1. Soketi bora ikizidi ile hafifu kwa Sh 10,000, fedha hiyo itarudi baada ya miaka minane, muda ambao matundu ya USB yenyewe huenda yamekwisha kulegea. Sababu ya kulipa zaidi iko kwingine: hicho ni kifaa cha volti 230 kilichofungiwa ndani ya ukuta, karibu na kitanda, na kutenganisha volti hizo na simu ya mtu kunahitaji vifaa vya kuaminika. Hati ya kiwandani inayotaja matumizi bila mzigo ni dalili kwamba mtengenezaji alipima, na aliyepima hilo huenda alipima na mengine.

Kwa gesti ya vyumba 20 yenye soketi mbili kila chumba, soketi za wati 0.1 zitakula uniti 35 kwa mwaka, kama Sh 12,500. Za wati 0.5 zitakula uniti 175, au Sh 62,400. Swichi kuu ya chumba, inayofanya kazi kwa kadi ya mgeni, huzima soketi hizo pamoja na taa na feni chumba kikiwa tupu, ila mgeni aliyeacha simu ikichaji akaenda kula hatafurahi. Na kabla jengo halijakabidhiwa, fundi anayepima uimara wa nyaya kwa volti 500 akumbushwe kuzifungua kwanza soketi za USB. Asipofanya hivyo atapata kipimo cha uongo, au ataziua zote 40 kabla mgeni wa kwanza hajafika.