Mapigo ya moyo wa mtoto tumboni

Mama mja mzito anapokwenda kliniki, muuguzi humwekea tumboni chombo kidogo chenye umbo la tarumbeta, akatega sikio huku akitazama saa. Chombo hiki kilibuniwa na daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, na hadi leo kinatumika.

Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, kasi kuliko wa mama. Muuguzi hushika pia mkono wa mama na kuhesabu mapigo yake, asije akayachanganya.

Katika hospitali kubwa, mama hufungwa mikanda miwili tumboni. Mmoja hunasa mapigo ya mtoto, mwingine hupima kukaza kwa tumbo la uzazi. Mashine huchora yote kwenye karatasi kwa dakika 20 au zaidi. Mtoto mwenye afya anapocheza, moyo wake huenda mbio kidogo, kisha hutulia. Mapigo yasiyobadilika huenda yakawa ya mtoto aliyelala, au asiyepata oksijeni ya kutosha. Hivyo kipimo huendelezwa.

Hata hivyo, kipimo hueleza hali ya saa ile tu. Mlinzi wa kila siku ni mama mwenyewe. Ukiona mtoto amepunguza kucheza, usingoje siku ya kliniki, wala usitulizwe na mapigo uliyoyasikia nyumbani: moyo waweza kupiga na mtoto yumo taabani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.