Usafi wa Uso Nyumbani kwa Kufuata Aina ya Ngozi: Kijitabu kwa Wakazi wa Bwizibwera, Nakivale na Mbarara

Usafi wa kina wa uso ni utaratibu wa kuosha uso, kuondoa seli zilizokufa juu ya ngozi, kupaka kitu cha kutuliza au kunyonya mafuta, na mwishowe kuirudishia ngozi unyevu wake. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa saluni, kwa malipo ambayo familia nyingi za Bwizibwera na za makazi ya wakimbizi ya Nakivale haziwezi kuyamudu mara kwa mara, lakini yaweza kufanywa nyumbani kwa beseni, maji safi na vitu viwili au vitatu vya sokoni, mradi mhusika awe ameijua ngozi yake kwanza. Nyuso nyingi haziharibiwi na ukosefu wa vipodozi, bali na wingi wake, au na kupakwa kile kilichomfaa jirani.

Suala la jirani lina uzito wa pekee katika eneo hili. Nakivale, iliyomo wilayani Isingiro nchini Uganda, ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo imekusanya Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, ambao kila kundi limekuja na elimu yake ya urembo. Wanawake wa Kisomali hukoroga unga wa majani ya mkunazi, wanaouita qasil. Kutoka Kongo yamekuja mafuta ya mawese na ya mise, yaani ya kokwa za michikichi. Wanyankole tangu zamani walijipaka siagi ya ng'ombe mwilini. Na wenye asili ya pwani wanaijua liwa, yaani unga wa msandali unaosagwa kwa maji na kupakwa usoni. Elimu hiyo inastahili heshima, lakini hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachofaa nyuso zote.

Kuitambua ngozi

Ndani ya ngozi kuna tezi ndogo zinazotoa sebamu, yaani mafuta ya asili yanayozuia maji ya mwili yasipotee hewani, na kiasi cha mafuta hayo ndicho kinachotofautisha ngozi ya mafuta, ngozi kavu, ngozi ya kawaida na ngozi mchanganyiko. Ngozi nyeti haimo katika mpangilio huo, kwa sababu unyeti hauhusu wingi wa mafuta bali wepesi wa ngozi kuwasha, kuchoma au kuvimba inapoguswa na kitu kigeni, kwa hiyo mtu aweza kuwa na ngozi ya mafuta na nyeti kwa pamoja.

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Uso huoshwa asubuhi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, hukaushwa kwa kugandamizwa taulo bila kusuguliwa, kisha huachwa kwa muda wa saa moja bila kupakwa chochote. Baada ya hapo vipande vya karatasi laini ya chooni hugandamizwa kwenye paji la uso, puani, kidevuni na mashavuni, kila sehemu na kipande chake, na kuinuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Vipande vyote vikionyesha madoa yanayopitisha mwanga, ngozi hiyo ni ya mafuta. Vikiwa vikavu na uso ukihisi kuvutwa kama uliokazwa, ni kavu. Doa likionekana kwa paji, pua na kidevu pekee, ni mchanganyiko, na hali hiyo huwapata watu wengi. Inafaa kipimo kirudiwe katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambapo vumbi na hewa kavu huweza kubadili majibu yaliyopatikana wakati wa mvua.

Kipimo hicho huwapotosha wanaoosha uso kwa mche wa sabuni ya kufulia. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, ya kipimo cha pH kati ya 4.5 na 5.5 hivi, ambapo pH ni kipimo kinachoonyesha ukali wa asidi au wa magadi, wakati sabuni ya mche kwa kawaida hufikia 9 au 10. Mwenye kuitumia kila siku hukuta uso umekauka na kudhani amezaliwa na ngozi kavu, ilhali ngozi yake imenyang'anywa mafuta tu. Ni vyema kuiacha sabuni hiyo kwa wiki mbili kabla ya kupima.

Utaratibu wenyewe

Mikono huoshwa kwanza. Uso huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto ya kustahimilika na kukamuliwa hulazwa usoni kwa dakika chache ili kulainisha uchafu na mafuta yaliyoganda. Wengi huamini kwamba mvuke hufungua vitundu vya ngozi na maji baridi huvifunga, jambo lisilo kweli, kwa kuwa vitundu hivyo havina misuli. Na kuinamia sufuria inayochemka juu ya jiko la mkaa, penye watoto wanaopita, ni hatari isiyo na faida ya kuilipia.

Kusugua, yaani skrabu, ndiyo hatua inayopendwa kuliko zote na inayodhuru kuliko zote. Ngozi hujibadilisha yenyewe kwa muda unaokaribia siku 28, hivyo kusuguliwa mara moja kwa wiki kunatosha kwa ngozi ya mafuta, na ngozi kavu au nyeti yatosheka na kitambaa laini. Sukari na chumvi zina pembe zinazokwaruza, na katika ngozi nyeusi, yenye melanini nyingi, yaani rangi asilia inayoikinga na jua, kila mkwaruzo na kila chunusi iliyotumbuliwa huweza kuacha doa jeusi linalodumu kwa miezi. Mtu aliyetafuta uso mwororo kwa kusugua sana mara nyingi huishia kutafuta dawa ya madoa aliyojitengenezea.

Kinachofuata ni kupaka maski, na hapa ndipo aina ya ngozi inapoamua. Kwa ngozi ya mafuta, qasil inafaa, kwa kuwa majani ya mkunazi yana saponini, kemikali za mimea zinazotoa povu na kuondoa mafuta. Unga wake hukorogwa kwa maji hadi uwe uji mzito, hupakwa na kusuuzwa kabla haujakauka kabisa. Kwa ngozi kavu, parachichi lililopondwa likachanganywa na kijiko cha asali hulainisha uso, kwani parachichi lina mafuta na asali huvuta unyevu. Ngozi mchanganyiko hupakwa vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Ngozi ya kawaida huvumilia maziwa yaliyoganda, yanayoitwa bongo nchini Uganda, ambayo asidi yake ya maziwa hulegeza seli zilizokufa bila kukwaruza. Lakini yatumiwe tu maziwa yaliyochemshwa kabla ya kugandishwa, kwa sababu vijidudu vya bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaowapata pia watu katika nchi hii ya wafugaji, huweza kupenya kwenye ngozi yenye mchubuko.

Mwenye ngozi nyeti apake kidogo ndani ya kiwiko na kusubiri siku mbili, kisha aamue. Maski yoyote isizidi dakika 15. Mwisho, ngozi ikiwa bado na umajimaji, hupakwa mafuta: mafuta ya mgando au ya shea kwa ngozi kavu, losheni nyepesi kwa ya mafuta. Siagi na mawese hufaa zaidi miguuni na mikononi kuliko kwenye uso wenye chunusi.

Yanayopaswa kuachwa

Ndimu, ambayo husifiwa kila mahali, haifai uso wowote. Maji yake yana pH inayokaribia 2, na yana furanokumarini, kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka. Mbarara iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta na kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, hivyo jua lake lina nguvu hata siku za baridi, na kofia pana ni kinga bora ya uso kuliko kipodozi chochote. Kwa watu wenye ualbino kinga hiyo, pamoja na losheni ya kuzuia jua, ni suala la uhai. Magadi na dawa ya meno navyo viachwe.

Mkorogo, yaani mchanganyiko wa kuchubua ngozi, ni hatari ya daraja nyingine. Huweza kuwa na haidrokwinoni inayopunguza melanini, steroidi zinazofanya ngozi kuwa nyembamba na kuota chunusi, au zebaki inayoharibu figo na kumfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Uganda ni mwanachama wake, unapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki. Kopo lisilo na orodha ya viambato, au lenye onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au alumini, lirudishwe kwa muuzaji.

Mwenye chunusi kubwa zenye usaha, mabaka yanayopanuka, ukurutu, upele au kidonda kisichopona asijaribu maski yoyote, bali afike kwenye kituo cha afya cha Bwizibwera au cha Nakivale, ambako atapimwa na, ikihitajika, kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbarara. Na aliyekuwa akitumia mkorogo aende na kopo lake, ili mhudumu ajue alichokuwa akipaka.