Chombo Kitupu Si Kitupu: Somo Juu ya Vipuri vya Ndege Vyenye Mabaki ya Mafuta

Ikungi, makao makuu ya wilaya ya jina hilo katika mkoa wa Singida, iko kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida. Magari makubwa ya mafuta hupita hapo yakielekea Rwanda na Burundi. Vijijini, hasa kwenye machimbo ya dhahabu, petroli huchukuliwa kwa madumu ili kuendeshea pampu na jenereta. Petroli ikiisha, dumu hufungwa nyuma ya baiskeli au hutiwa ndani ya buti la basi, na mwenyewe akiulizwa amebeba nini hujibu: "Dumu tupu tu."

Jibu hilo ndilo kiini cha somo hili. Wataalamu wa usafiri wa anga wametunga kanuni ndefu za kuainisha na kufungasha vipuri vya ndege vilivyowahi kupitisha mafuta. Msingi wa kanuni hizo ni jambo moja ambalo mwanafunzi aweza kulielewa kwa kulitazama dumu la Ikungi: chombo kilichomiminwa mafuta hakijawa kitupu.

Mvuke usioonekana

Kinachowaka si petroli yenyewe ikiwa kimiminika, bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mchanganyiko huo hauwaki kwa kila kipimo. Mvuke ukiwa chini ya asilimia 1.4 hivi ya ujazo wote, moto haushiki kwa kuwa mvuke ni haba. Ukizidi asilimia 7.6 hivi, moto haushiki kwa kuwa hewa ni haba. Baina ya mipaka hiyo miwili, cheche moja yatosha.

Katika dumu lililojaa, nafasi ndogo iliyo juu ya petroli huwa na mvuke mwingi kupita mpaka wa juu. Dumu likimiminwa, hewa huingia na mchanganyiko huanza kushuka kuelekea eneo la hatari. Ndiyo sababu fundi wa kuchomelea anayekata pipa "tupu" aweza kupata mlipuko ambao asingeutazamia.

Je, mabaki kiasi gani yatosha kuleta hatari? Dumu la lita 20 lahitaji asilimia 1.4 ya mvuke, yaani lita 0.28. Katika usawa wa bahari, moli moja ya mvuke huchukua takriban lita 24. Kwa hiyo hizo ni moli 0.012 hivi. Tukikadiria kuwa moli moja ya petroli ina gramu 100, tungamo linalotakiwa ni gramu 1.2, sawa na mililita 1.7 hivi. Kiasi hicho hakifikii nusu ya kijiko cha chai. Mtu akiliinamisha dumu lake na asione tone likidondoka, bado kiasi hicho chaweza kuwa kimeshika kwenye kuta za ndani.

Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kufuata mabonde. Tarehe 10 Agosti 2019, gari la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, na watu wakakusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika. Moto ulipolipuka, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Kutoka dumu hadi kipuri cha ndege

Vipuri vya ndege husafiri sana. Mathalani, mwaka 2022 Air Tanzania ilisimamisha baadhi ya ndege zake za aina ya Airbus A220 kwa sababu ya matatizo ya injini. Injini za namna hiyo zikihitaji matengenezo makubwa hupelekwa kwenye karakana maalumu nje ya nchi. Pampu za mafuta, vichujio, vali na vidhibiti vya mafuta navyo hufunguliwa na kusafirishwa vivyo hivyo, mara nyingi ndani ya ndege nyingine. Kila kimojawapo kina vijishimo na mikunjo ambamo mafuta hubaki.

Ndege za injini za jeti hutumia mafuta yaitwayo Jet A-1, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Hatari yake hupimwa kwa jotoridi la mweko, yaani jotoridi la chini kabisa ambapo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kikikaribiwa na cheche. Kwa petroli, jotoridi hilo ni takriban nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwa Jet A-1 halipungui nyuzi 38 juu ya sifuri.

Mtu asidhani kwamba Jet A-1 basi ni salama. Sanduku lililoachwa juani huweza kupita nyuzi 38. Tena mafuta ya taa yaliyo katika bakuli hayashiki kiberiti kwa urahisi, lakini yakiingia katika utambi hushika mara moja. Kitambaa au karatasi ya kufungia iliyolowa mafuta ya kipuri ni utambi.

Kuainisha

Umoja wa Mataifa umegawa bidhaa za hatari katika madaraja 9, na kila bidhaa imepewa namba ya tarakimu nne. Vimiminika viwakavyo vimo katika daraja la 3: petroli ni namba 1203, na mafuta ya injini za jeti ni 1863. Injini iendeshwayo kwa kimiminika kiwakacho, ikiwa imebaki na mafuta, ni namba 3528, nayo pia ni ya daraja la 3. Kipuri chenye mabaki ya mafuta, kama vile pampu, huwekwa katika namba 3363, daraja la 9, ambalo ni la hatari za namna mbalimbali.

Katika usafiri wa anga kanuni hizo hutolewa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga katika Kiambatisho cha 18, kilichoanza kutumika mwaka 1984. Hapa Tanzania msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kufungasha

Kwa kipuri cha mfumo wa mafuta, kanuni zataka mambo manne. Kwanza, mafuta yamiminwe kadiri iwezekanavyo. Pili, matundu yote yazibwe. Tatu, kipuri kizungushiwe kifyonzi cha kutosha kunywa mafuta yote yanayoweza kuwa yamebaki. Nne, kiwekwe ndani ya kasha imara. Na kasha lisipoweza kuzuia kimiminika, kipuri kitiwe kwanza katika mfuko wa plastiki usiovuja.

Kwa nini kifyonzi kitakiwe hali matundu yamezibwa? Jibu limo katika kanieneo ya hewa. Usawa wa bahari kanieneo ni kilopaskali 101. Ikungi, iliyo takriban mita 1500 juu ya bahari, ni kilopaskali 85 hivi. Ndani ya ndege iliyo angani yaweza kushuka hadi 75. Kipuri kilichozibwa Dar es Salaam hufika angani kikiwa na tofauti ya kilopaskali 26 kati ya ndani na nje. Juu ya kizibo chenye eneo la sentimeta 10 za mraba, hiyo ni kani ya nyutoni 26, sawa na uzito wa kilo mbili na nusu na zaidi zikikisukuma kitoke.

Neno moja kwenye hati

Tarehe 11 Mei 1996, ndege ya shirika la ValuJet iliondoka Miami, Marekani, ikaanguka katika kinamasi cha Everglades. Watu wote 110 waliokuwemo walikufa. Shehena yake ilikuwa na vipuri vilivyotolewa katika ndege nyingine: vyombo vya kuzalisha oksijeni kwa kemikali, ambavyo vikifyatuka hutoa joto kali. Muda wake ulikuwa umepita, lakini kemikali zilikuwamo bado, na vifuniko vya usalama havikuwekwa. Hati ya shehena ilisema ni vitupu.

Vyombo hivyo havikuwa vya mafuta, lakini kosa ni lile lile la dumu. Kuainisha, kwa hiyo, kwatangulia kufungasha: aliyeandika "kitupu" hatafuti kifyonzi wala kizibo, na apokeaye mzigo hana sababu ya kujihadhari.

Mwenye jenereta huko Ikungi na afuate hekima hiyo hiyo. Amimine petroli mahali pa wazi mbali na moto, aliache tangi likauke vema, asiliweke jenereta pamoja na abiria, na akiulizwa aseme lilichokuwa nacho.

Maswali

1. Pipa la lita 200 lahitaji mililita ngapi za petroli kufikia mpaka wa chini wa kuwaka?
2. Katika kanieneo ya Ikungi, kiasi hicho kitaongezeka au kitapungua? Eleza.
3. Kwa nini dumu lililojaa petroli lisiwe la hatari zaidi ya kulipuka kwa ndani kuliko lililomiminwa?