Usianze na Jina: Kutafuta Habari za Ukoo Tarime na Serengeti

Ukiingia chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa, pale Upanga, Dar es Salaam, ukiwa na jina moja tu la Chacha Mwita, bora ungebaki nyumbani ukapalilia mihogo. Chacha Mwita wako wangapi? Kuanzia Sirari hadi Machochwe kila kijiji kina wake, na vingine vina kumi. Sisi Wakuria tunarudisha majina ya mababu: Mwita anamzaa Chacha, Chacha anamzaa Mwita, na karani aliyejaza kitabu cha kodi hakuwa na haja ya kujua yupi babu na yupi mjukuu.

Nimekuwa nikifuatilia ukoo wetu kwa miaka kadhaa sasa, upande wa baba Tarime na upande wa mama Serengeti. Nimepita kwa wazee, parokiani, masijala, na kwenye magazeti yaliyogeuka rangi ya chai. Wanaoniuliza waanzie wapi huwa wanataka niwatajie gazeti. Nawaambia gazeti liko mbali bado, kwanza waulize rika.

Mzee wa Kikuria ukimuuliza alizaliwa mwaka gani, atakutajia ule ulioandikwa kwenye kadi ya kupigia kura, na mwaka huo pengine ulikadiriwa na karani aliyekuwa na foleni ndefu nje. Muulize saro yake. Saro ni kundi la waliotahiriwa pamoja, lina jina lake, na mzee aliyesahau miaka yote hasahau aliingia jandoni na nani. Ukishapata saro, muulize nani walikuwa saro iliyotangulia na nani waliifuata, kisha tafuta tukio moja lenye tarehe la kuifungia: nzige wa miaka ya 1930, vita vya Burma, mvua kubwa za mwaka wa Uhuru, Operesheni Vijiji ya 1974, vita vya Kagera. Tukio moja likikaa mahali pake, saro za kabla na za baada zinajipanga. Bibi wengi nao wana saro, kwa kuwa zama zile wasichana walikeketwa, jambo ambalo leo ni kosa kisheria. Swali hilo mwachie mwanamke mwenzao aulize, na aulize kwa ajili ya tarehe tu.

Kuna mtego hapa. Kila ikiaro, yaani tawi la Wakuria, kina mpangilio wake. Wairege, Wanyabasi, Wakira, Watimbaru na Wanchari hawakutahiri siku moja, wala saro zao hazifanani majina. Siku hizi tumezoea Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, lakini usiirudishe kanuni hiyo nyuma hadi enzi za Mjerumani. Orodha ya saro uliyoipata Nyamwaga usiitumie Sirari kabla hujaihakikisha kwa mzee wa Sirari.

Juu ya saro kuna irikora, na huu kwangu ndio ufunguo bora kuliko yote. Amakora, ndiyo wingi wa irikora, ni vizazi vinavyozunguka katika mizunguko miwili: Saai, Nyambureti, Gamunyere na Maina upande mmoja, Mairabe, Gini, Nyangi na Chuma upande wa pili. Mtu hachagui irikora, analipata kwa baba yake. Mtoto wa Saai ni Nyambureti, mjukuu wake ni Gamunyere, kitukuu ni Maina, kisha Saai anarudi. Kwa hiyo mtu akikwambia fulani alikuwa baba wa babu yako, usibishane naye, muulize tu fulani huyo alikuwa irikora gani. Ikiwa babu yako ni Gamunyere na huyo anayeitwa baba yake ni Saai, basi kuna mtu mmoja kati yao amerukwa. Hakuna cheti cha serikali kinachoweza kukupa uthibitisho kama huo kwa mtu aliyezaliwa kabla ya 1900.

Upande wa Serengeti hesabu ni nyingine. Wanata na Waikoma wana saiga, makundi yao ya rika, na majina utakayoyasikia ni Rumarancha, Bongirate na Busaai. Huko pia una bahati ambayo Tarime hatuna: mwanahistoria Jan Bender Shetler alikusanya historia zilizoandikwa na wazee wenyewe wa kusini mwa Mara, zikachapishwa 2003 katika kitabu Telling Our Own Stories. Ukoo wako ukitajwa mle, umeokoa safari nyingi.

Sasa ng'ombe. Nimegundua wazee wanaokosea watoto wa kaka zao kwa majina hawakosei ng'ombe. Shangazi aliolewa wapi, walikuja wangapi, yupi alikuwa na pembe iliyovunjika, na ng'ombe hao walimuoa nani: hapo ndipo ukoo unapojitandaza wenyewe bila kulazimishwa. Kwetu mahari ya dada ndiyo iliyomwezesha kaka kuoa, hivyo ukiwafuata ng'ombe unawaunganisha ndugu wawili, wakwe wao na boma zao zote. Nilimkalisha mzee mmoja wa ukoo wetu chini ya mwembe nikamuuliza majina ya watoto wa babu, akachoka haraka. Nilipogeuza nikamuuliza ng'ombe wa mahari ya shangazi mkubwa walilala kwa nani, aliongea mpaka jioni, na katika maneno hayo wakatokea wake wawili wa babu ambao hakuna mtu aliyewahi kututajia.

Ng'ombe hao hao ndio walioacha maandishi. Mabaraza ya watemi wakati wa mkoloni yalishinda yakisikiliza kesi za mahari, na baada ya utemi kufutwa 1963 kazi hiyo ikaangukia mahakama za mwanzo. Kitabu cha kesi kinataja mdai, mdaiwa, mke anayegombewa, baba yake, idadi ya ng'ombe na mashahidi. Ukurasa mmoja wa kesi ya mahari una watu wengi wa ukoo kuliko mwaka mzima wa gazeti. Karani wa mahakama ana haki ya kukukatalia, kwa hiyo nenda na barua ya mtendaji wa kata, sema unatafuta jina la nani na la miaka ipi, na usiguse kesi ya ardhi ambayo watu wake bado wanaishi.

Na kabla hujaandika "baba: fulani" kwenye mti wa ukoo wako, kumbuka nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari msichana, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba ya huyo mama. Wewe unayetafuta utakuta daftari la kanisa limeandika mwanamume mmoja, rejesta ya shule imeandika mwingine, na nyumbani wanamtaja bibi. Si kwamba kuna aliyedanganya. Andika yote matatu, na pembeni weka nani alitoa ng'ombe. Waliolelewa na programu za mti wa ukoo za Kizungu hupata tabu hapa, maana nyingi kati ya zile hutanguliza kisanduku kimoja cha baba.

Madaftari ya ubatizo ndiyo yenye tarehe nzuri kuliko zote, ila ujue uliko mlango. Wamennonite kutoka Marekani walianzia Shirati mwaka 1934. Wakatoliki walikuwa Nyegina tangu 1911, na wamisionari wa Maryknoll walichukua eneo la Musoma 1946, hata jimbo likaundwa 1957. Ina maana kwamba babu aliyebatizwa kabla Rosana au Iramba hazijawa parokia hayumo kwenye madaftari ya Rosana wala ya Iramba, hata kama nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kanisani. Mtafute Kowak au Nyegina.

Daftari lenyewe linasomeka vizuri ukilizoea. La zamani limeandikwa Kilatini, kurasa mbili zikitazamana: namba, jina la ubatizo, kisha jina la nyumbani lililoandikwa kwa masikio ya padri wa kigeni, baba, mama, msimamizi, kijiji. Tazama zaidi ukingo wa kulia. Kwa sheria ya Kanisa, ndoa ya mtu huandikwa tena kando ya ubatizo wake, kwa hiyo mstari wa mtoto wa 1948 unaweza kuwa na wino wa rangi nyingine unaokwambia alifunga ndoa wapi, na nani, mwaka gani. Wasimamizi nao usiwaruke, maana mara nyingi walikuwa makatekista, na katekista mmoja akijirudia kwenye kurasa nyingi umepata mtu ambaye familia yake inaweza kukusimulia kijiji kizima. Mwombe paroko akufungulie mwenyewe, usipige picha bila ruhusa, na ukiondoka acha sadaka ya kujalidi vitabu. Katika parokia moja niliyofika mchwa walishaanza kazi.

Maryknoll wana hifadhi yao kule New York yenye shajara za misheni, na ukiwaandikia wataje kituo na miaka, si jina la babu.

Kwenye Nyaraka za Taifa shida kubwa ni kujua wilaya yako iliitwaje. Tarime kwenye majalada ya Mwingereza utaikuta kama North Mara, na nyuma zaidi imo ndani ya Musoma. Serengeti haipo kabisa, kwa kuwa wilaya hiyo imezaliwa 1974. Rorya imemegwa kutoka Tarime 2007 tu. Wakuria nao Wajerumani waliwaandika Bakulia, na upande wa Kenya waliandikwa Watende. Andaa orodha ya tahajia kabla ya kusafiri: Marwa na Maroa, Gati na Ghati, Boke na Bhoke. Nenda na barua ya utambulisho na kitambulisho, na ulizie pia kituo cha kanda cha Mwanza kabla hujapanda basi la Dar. Omba maandishi ya E. C. Baker, afisa wa kikoloni aliyeandika kuhusu Wakuria wa Tarime miaka ya 1930, lakini usome ukijua alikuwa anamwandikia bosi wake.

Mpaka wa Sirari nao haukuheshimu ukoo wa mtu. Nusu ya watu wetu majalada yao yako Nairobi, kwenye Nyaraka za Kenya zilizoko Moi Avenue, chini ya South Kavirondo na baadaye South Nyanza. Babu aliyeandikishwa KAR, jeshi la mkoloni, huenda aliandikishiwa Kisii. Cheti chake cha kuachishwa jeshi, kama bado kipo kwenye kopo la mafuta uvunguni, kina namba ya askari, kabila na wilaya, na namba hiyo ni ya thamani kuliko jina. Aliyefia vitani mtafute kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, bure.

Haya, magazeti. Mambo Leo lilianza 1923, likitolewa kila mwezi na serikali, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inalo kwenye sehemu ya East Africana. Waliokuwa wakiliandikia barua ni walimu, makarani, wahudumu wa hospitali. Kama ukoo wako ulikuwa na mtu aliyeshika kalamu mapema, mfuate mle. Kama wote walikuwa wachungaji wa ng'ombe, kama wa kwangu, hutawaona, na usihuzunike. Mimi gazeti nalisomea tarehe. Mzee ananiambia mama yake alifika kwa mumewe mwaka wa nzige. Gazeti ndilo linaloniambia nzige walipita Kanda ya Ziwa miezi ipi. Baada ya hapo yapo Ngurumo la 1959, Uhuru la 1961, na upande wa Nairobi Baraza lililoanza 1939. Hayana faharasa, unafunua ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo usiende kabla saro haijakupa miaka miwili au mitatu ya kutafuta. Ukipata kitu, andika jina la gazeti, tarehe na ukurasa hapohapo. Picha ya simu isiyo na tarehe ni takataka.

Jambo la mwisho ni la usalama wako. Tarime ardhi imewahi kumwaga damu, na mgeni anayeuliza boma la babu lilikuwa wapi kabla ya Vijiji anaweza kudhaniwa amekuja kudai shamba. Serengeti ni hivyo hivyo kwa familia zilizoondolewa hifadhi ilipotangazwa 1951 na mipaka ilipobadilishwa 1959. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwite mzee wa upande wa pili akae nawe, na useme mbele ya watu kwamba unaandika majina, hupimi mipaka.

Na kama nyumbani kwenu kuna stakabadhi ya kodi, kadi ya TANU, cheti cha ubatizo au barua ya jeshi, usisubiri aliye navyo azikwe. Vipige picha wiki hii, andika vilitoka kwa nani na irikora lake, kisha nakala moja mpe binamu anayeishi mbali na nyumba hiyo.