Kwa Nini Samaki wa Nyumbani Hufa?

Baadhi ya watu wa Buruburu, Nairobi, wafugao samaki katika matangi ya kioo hushangaa kuwaona wakifa ghafula, ilhali maji ni maangavu. Yafaa ijulikane kwamba uangavu wa maji si dalili ya usalama wake.

Kwanza, maji ya mfereji, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini na kusafishwa Ng'ethu, hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya maradhi. Dawa hiyo humfaa mwanadamu, lakini huunguza matamvua ambayo samaki huvutia pumzi. Basi maji yakae katika ndoo wazi kwa saa 24 kabla ya kutiwa katika tangi.

Pili, kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu isiyoonekana. Viko vijidudu vyema vikaavyo katika changarawe, ambavyo huigeuza sumu hiyo. Lakini huchukua majuma 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Mtu amwagaye maji yote na kusugua changarawe kwa maji ya mfereji huviua, na samaki hufuata.

Kwa hiyo waanze samaki wachache, walishwe kidogo, na kila juma ibadilishwe robo tu ya maji.